Mtoto wa Mwashi na Jumla ya Namba: Maisha ya Carl Friedrich Gauss

Mwalimu yeyote aliyewahi kukabidhiwa darasa lenye watoto wengi anaujua ujanja mmoja wa zamani: huandika ubaoni hesabu ndefu ya kujumlisha, watoto wakainamia madaftari yao, naye akapata nafasi ya kupumua. Hesabu ya namna hiyo haikukusudiwa kufundisha kitu. Imekusudiwa kuleta ukimya. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye kipaji chake kilitambuliwa shuleni siku alipopewa hesabu ya aina hiyo hiyo, akiwa mtoto wa maskini katika darasa lililojaa. Tunayasimulia kwa walimu wanafunzi kwa sababu mbili. Kwanza, njia aliyoiona mtoto yule yaweza kufundishwa katika shule ya msingi, kwa vizibo vya soda na kipande cha chaki. Pili, bila ya walimu wawili waliotambua walichokiona, huenda mtoto yule angeishia kushika mwiko wa uashi kama baba yake, na ulimwengu usijue umepoteza nini.

Kuzaliwa kwake

Carl Friedrich Gauss alizaliwa tarehe 30 Aprili 1777 katika mji wa Braunschweig, ulioko Ujerumani. Baba yake, Gebhard Dietrich, aliishi kwa kazi za mikono. Mara alifanya uashi, mara alitunza bustani za watu. Alikuwa mtu mwaminifu lakini mkali, wala hakuona sababu ya mtoto wa mfanyakazi kuendelea na masomo baada ya kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Husimuliwa kwamba mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi alimsikia baba yake akihesabu kwa sauti malipo ya vibarua, akamwambia kwamba amekosea. Hesabu iliporudiwa, mtoto akaonekana amesema kweli.

Mama yake, Dorothea, hakuwa na elimu ya shule. Hakuiandika tarehe aliyomzaa mwanawe. Alichokumbuka ni kwamba ilikuwa siku ya Jumatano, siku nane kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Hata kwetu wako wazee wengi ambao kuzaliwa kwao hujulikana kwa njia kama hiyo, kwa mwaka wa njaa au kwa msimu wa mafuriko. Lakini Sikukuu ya Kupaa haina tarehe maalumu. Hufuata Pasaka, nayo Pasaka huhama mwaka hadi mwaka kwa kufuata mwezi wa angani na siku za juma.

Mtoto yule alipokuwa kijana aliitafuta kanuni ya kuipata tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote, akaichapisha mwaka 1800. Msingi wa kanuni hiyo ni mizunguko inayojirudia. Siku za juma hurudi kila baada ya siku 7, na sura za mwezi hurudi karibu katika tarehe zile zile kila baada ya miaka 19. Anayeitumia hufanya kazi ya kugawanya, kisha hutazama baki. Kwa njia hiyo hupatikana kwamba Sikukuu ya Kupaa ya mwaka 1777 iliangukia Alhamisi, tarehe 8 Mei. Ukirudi nyuma siku nane unafika Jumatano, tarehe 30 Aprili. Kumbukumbu ya mama asiyejua kuandika ikawa tarehe kamili.

Mwalimu anaweza kuonja wazo hili pamoja na darasa lake. Ikiwa leo ni Jumatano, siku ya 100 kuanzia kesho itakuwa siku gani? Mtoto asiyeuona mzunguko atahesabu siku moja moja kwa vidole. Mtoto aliyeuona atagawanya 100 kwa 7, apate 14 na baki 2. Majuma 14 yote humrudisha Jumatano. Baki 2 humpeleka Ijumaa.

Siku ya vibao

Gauss aliingia shule mwaka 1784, akiwa na umri wa miaka saba. Darasa lilikuwa chumba chenye dari ya chini na sakafu iliyolika, na ndani yake walikaa wanafunzi wapatao 100. Mwalimu aliitwa Büttner. Alizunguka kati ya watoto akiwa na mjeledi mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi za wakati ule. Miaka miwili ya kwanza ilipita bila ya mtoto huyo kuonekana wa ajabu. Baadaye akaingia katika kundi la wanaojifunza hesabu.

Desturi ya kundi hilo ilikuwa hivi: aliyemaliza hesabu kwanza huweka kibao chake cha kuandikia juu ya meza kubwa, wa pili huweka chake juu ya kile, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Siku moja mwalimu aliwapa hesabu ya kujumlisha mfuatano mrefu wa namba. Kabla hajamaliza vizuri kueleza, Gauss alikwenda akaweka kibao chake mezani, akarudi kukaa kimya. Wenzake waliendelea kujumlisha, kuzidisha na kufuta. Mwalimu akamtazama kwa jicho la huruma na dhihaka. Saa ilipokwisha, vibao vikapinduliwa. Vingi vilikuwa na makosa, na wenye navyo wakaadhibiwa kwa mjeledi. Kibao cha chini kabisa kilikuwa na namba moja tu, nayo ilikuwa jibu sahihi.

Hapa inafaa mwalimu ajue chanzo cha hadithi hii. Gauss mwenyewe aliisimulia uzeeni, na rafiki yake Sartorius von Waltershausen akaiandika katika kitabu cha kumbukumbu mwaka 1856. Kitabu hicho hakitaji namba zilizotolewa siku ile. Waandishi waliofuata ndio waliosema kwamba zilikuwa namba za kuanzia 1 hadi 100. Kwa hiyo tuzichukue namba hizo kuwa mfano wa kufundishia, tusiziapie kuwa ushahidi.

Mfano wenyewe ni huu. Chukua namba ya kwanza na ya mwisho: 1 na 100, jumla yake ni 101. Chukua ya pili na ile iliyo kabla ya mwisho: 2 na 99, jumla ni 101 tena. Halafu 3 na 98, 4 na 97, na kadhalika mpaka 50 na 51. Upande mmoja namba inapanda kwa 1, upande wa pili inashuka kwa 1, kwa hiyo jumla ya jozi haibadiliki. Jozi zipo 50. Zidisha 101 kwa 50, upate 5050.

Mwalimu asianze na 100. Aanze na namba 1 hadi 10, ambapo mtoto anaweza kuona jozi tano za 11, yaani 55, kisha akahakikisha jibu kwa kujumlisha kwa njia aliyoizoea. Baada ya hapo aulize kuhusu 1 hadi 9. Hapo jozi hazitoshi. Namba 5 inabaki peke yake katikati. Watoto wengine watasema kwamba njia imeshindwa. Asiwaharakishe. Awape vizibo, wapange ngazi: kizibo 1, chini yake 2, chini yake 3, chini yake 4. Kisha wapange ngazi ya pili iliyo sawa na hiyo, waipindue, waiunganishe na ya kwanza. Ngazi mbili zinafanya mstatili wa safu 4 zenye vizibo 5 kila moja, yaani 20. Ngazi moja ni nusu yake, yaani 10. Mstatili haujali kama namba za mfuatano ni shufwa au witiri. Kwa 1 hadi 9 utakuwa na safu 9 zenye vizibo 10. Nusu ya 90 ni 45. Mtoto aliyeujenga mstatili huo kwa mikono yake hatahitaji kukariri kanuni.

Walimu wawili

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa kumsifu mtoto na kumcheka mwalimu. Lakini tuitazame tena. Büttner alikuwa amejenga darasa la hofu, na hilo hatuwezi kumtetea. Hata hivyo, alipoona jibu lile hakumwadhibu mtoto kwa kuharibu utaratibu, wala hakudai kwamba ameibia. Aliagiza kutoka Hamburg kitabu cha hesabu kilicho bora zaidi, akampa. Mtoto akakimaliza, na mwalimu akakiri kwamba hana tena la kumfundisha. Kukiri hivyo si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kuogopwa.

Darasani alikuwamo kijana msaidizi, Johann Martin Bartels, aliyezaliwa mwaka 1769. Kazi yake ilikuwa kuwachongea watoto kalamu za manyoya na kuwasaidia wanaoanza. Huyo akakaa na Gauss, wakasoma vitabu pamoja, mkubwa na mdogo wakifundishana. Miaka mingi baadaye Bartels akawa profesa katika mji wa Kazan, Urusi, na huko akamfundisha Lobachevsky, ambaye naye alikuja kuwa mwanahisabati mashuhuri. Kijana wa kuchonga kalamu alipitia mikononi mwake vipaji viwili vikubwa.

Ilibaki kumshawishi baba. Husimuliwa kwamba nyumbani mtoto alitakiwa kusokota kitani kila jioni, na kwamba baada ya mazungumzo na mwalimu baba alimwondolea kazi hiyo ili apate muda wa kusoma. Mwaka 1788 Gauss aliingia shule ya sekondari, na mwaka 1791 alipelekwa mbele ya Carl Wilhelm Ferdinand, mtawala wa Braunschweig. Mtawala akakubali kumlipia gharama za masomo. Tangu jibu la kibaoni hadi msaada huo kulikuwa na watu kadhaa waliosimama kila mmoja mahali pake. Mmoja wao angenyamaza, njia ingekatika.

Tarakimu zinazojirudia

Mwaka 1792 Gauss aliingia katika chuo cha Collegium Carolinum mjini kwao, akakaa hapo hadi 1795. Katika miaka ya ujana wake alijipa kazi ambayo wengi wangeiona ya kuchosha: kugeuza sehemu nyingi kuwa desimali, moja baada ya nyingine, na kuandika tarakimu mpaka zianze kujirudia. Hakufanya hivyo kwa kupenda kugawanya tu. Alikuwa akitafuta mpango uliojificha.

Tutazame sehemu moja pamoja naye. Ukigawanya 1 kwa 7 unapata 0.142857142857, na tarakimu sita 1, 4, 2, 8, 5, 7 hujirudia bila mwisho. Sasa muulize mwanafunzi: tarakimu 100 za kwanza baada ya nukta zina jumla gani? Anayejumlisha moja moja atachoka na kukosea. Anayeona kundi atasema: jumla ya kundi moja ni 27, 100 ukigawanya kwa 6 ni makundi 16 na baki 4, 27 mara 16 ni 432, tarakimu nne zilizobaki ni 1, 4, 2 na 8, ambazo jumla yake ni 15. Jibu ni 447. Ni wazo lile lile la siku za juma: tafuta mzunguko, hesabu mizunguko mizima, usisahau baki.

Kwa watoto wa madarasa ya chini zoezi lianze bila desimali. Andika ubaoni 2, 5, 3, 2, 5, 3, na kuendelea hivyo, uulize jumla ya namba 50 za kwanza. Kila kundi la namba tatu ni 10. Makundi ni 16, yaani 160, na baki ni namba mbili, 2 na 5. Jibu ni 167. Kosa litakaloonekana mara nyingi ni kuisahau baki. Mwalimu ajiandae kulipokea bila kukaripia, kwa maana aliyekosea hivyo tayari ameuona mzunguko.

Turudi kwenye sehemu yetu. Gawanya kundi 142857 katika nusu mbili, 142 na 857. Jumla yake ni 999. Tarakimu zimejipanga jozi jozi: 1 na 8, 4 na 5, 2 na 7, kila jozi ni 9. Jozi tatu za 9 ni 27. Jozi za kibaoni zimerudi mahali ambapo hatukuzitazamia. Jaribu 1/13, ambayo ni 0.076923 inayojirudia: 076 na 923 ni 999 tena. Sifa hii ya nusu mbili ilichapishwa na Mfaransa Midy mwaka 1836.

Lakini jaribu pia 1/37, ambayo ni 0.027 inayojirudia. Kundi lina tarakimu tatu, na tatu haigawanyiki katika nusu mbili. Mwalimu asiache kutoa mfano wa namna hii. Mpango ulioonekana mara mbili au tatu bado ni dhana. Huwa kweli pale tu inapoelezwa kwa nini lazima uwe hivyo, na katika mipaka gani. Gauss alishika neno hili maisha yake yote. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1801, kiitwacho Disquisitiones Arithmeticae, alionyesha kwa uthibitisho kamili jinsi urefu wa kundi unavyotawaliwa: ikiwa asili ya sehemu ni namba tasa isiyo 2 wala 5, urefu wa kundi hugawanya bila baki ile namba tasa iliyopunguzwa 1. Kwa 7 urefu ni 6, na 6 hugawanya 6. Kwa 13 urefu ni 6, na 6 hugawanya 12. Kwa 37 urefu ni 3, na 3 hugawanya 36. Mwishoni mwa kitabu aliweka jedwali la desimali za namna hiyo kwa asili zilizo chini ya 100.

Utu uzima wake

Mwaka 1795 Gauss alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akiwa bado hajaamua kati ya lugha za kale na hisabati. Tarehe 30 Machi 1796 aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Tangu enzi za Wayunani wa kale, karibu miaka 2000, hakuna aliyekuwa amepata umbo jipya la aina hiyo. Siku hiyo uamuzi ulifanyika, na siku hiyo alianza kuandika shajara ya uvumbuzi wake.

Tarehe 10 Julai mwaka huo aliandika katika shajara jambo linalohusu ngazi zetu za vizibo. Namba 1, 3, 6, 10, 15, 21 na kuendelea, ambazo ni jumla za mfuatano 1, 2, 3, 4, huitwa namba za pembetatu. Gauss alithibitisha kwamba namba yoyote nzima kuanzia 1 yaweza kupatikana kwa kujumlisha namba za pembetatu zisizozidi tatu. Kwa mfano, 20 ni 10 na 10. 19 ni 15, 3 na 1. 17 ni 15, 1 na 1. Uthibitisho ni mgumu, lakini kutafuta mifano ni mchezo ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kuucheza.

Shahada ya udaktari aliipata mwaka 1799. Mwaka 1801 jina lake lilienea nje ya mipaka ya wanahisabati. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo, aliona sayari ndogo iliyopewa jina Ceres, lakini baada ya majuma machache ikapotea katika mwanga wa jua. Kwa vipimo vichache vilivyokuwapo, Gauss alikokotoa njia yake, na mwisho wa mwaka ikaonekana tena karibu na mahali alipopataja. Mwaka 1807 akawa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Göttingen, akabaki katika mji huo mpaka mwisho wa maisha yake. Alipima ardhi ya Hannover, na mwaka 1833 yeye na Wilhelm Weber walitengeneza mtambo wa kupeleka habari kwa umeme kupitia waya.

Maisha hayakumwepusha na majonzi. Mfadhili wake alikufa mwaka 1806 kwa majeraha ya vita. Mkewe wa kwanza, Johanna, aliaga dunia mwaka 1809, na mtoto wao mchanga akamfuata. Mke wa pili, Minna, alikufa mwaka 1831. Mama yake alihamia kwake mwaka 1817, akaishi naye hadi alipofariki mwaka 1839, akiwa amepofuka kwa uzee. Gauss alifariki Göttingen tarehe 23 Februari 1855.

Alichokosa Gauss, na kinachotupasa sisi

Lazima tuseme kweli: mtu huyu hakupenda kufundisha, ingawa wanafunzi wachache waliosoma kwake, kama Riemann na Dedekind, walikuwa wakubwa. Hakuchapisha ila kazi iliyokamilika na kusuguliwa, na alama za njia aliyopita alizifuta. Wasomaji wake walilalamika kwamba waliona jengo zuri bila ya kujua limesimamishwaje. Mwashi akimaliza nyumba huondoa majukwaa ya miti aliyoyakanyaga; hivyo ndivyo alivyofanya mwana wa mwashi. Kwa mvumbuzi huenda hilo likasameheka. Kwa mwalimu wa shule ya msingi ni kosa, maana mtoto hujifunza kwa kuyapanda majukwaa yale.

Tukumbuke pia wale watoto wengine wa chumba kile. Majina yao hayajulikani. Walijumlisha kwa saa nzima, wengi wakakosea, wakachapwa. Jibu sahihi lilikuwa limelala mezani muda wote huo, chini ya vibao vyao wenyewe. Hadithi haisemi kwamba mtoto aliyelipata aliitwa mbele awaonyeshe wenzake jozi za namba, jambo ambalo lingechukua dakika chache tu, na karibu kila mmoja wao angeelewa.

Basi, ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha na mtoto akakuletea jibu mapema kuliko ulivyotazamia, mpe chaki aeleze amefikaje, na wengine wasikilize. Kisha mwite pia aliyechelewa, aonyeshe amefika wapi. Huenda naye ameshaziona jozi mbili au tatu, na anangoja mtu wa kumwambia kwamba aendelee.